Mbwa Mweusi na Madigadi Fupi

3 Februari

Mjomba wangu mpenzi,

Shikamoo. Huku tu wazima. Mama analalamikia goti, lakini ukimletea habari ya jirani anasimama bila kushika ukuta. Baba bado ni mtunza stoo wa shule. Anahesabu chaki na madaftari, na akija mgeni aliyevaa saa, humshika mkono na kuisogeza saa sikioni kwake kabla hata hajamkaribisha kiti. Kaka na mkewe wamehamia nyumba ya vyumba vitatu, kwa hiyo sasa wana chumba kimoja zaidi cha kununiana.

Mimi nimetimiza miaka thelathini na moja na niko pale pale kwenye kiwanda cha uchapaji, kwenye mashine ya kukata karatasi. Anwani yako nimepewa na mama. Alisema simu nisijisumbue, kwa sababu masikio yako yameliwa na nyundo, ila barua huwezi kuiona mezani ukalala bila kuijibu. Tutaona.

Sasa neno lenyewe. Nimenunua pikipiki. Ni mpya, lakini imeundwa kwa umbo la zile za zamani: taa ya duara, tangi la mviringo, kiti kirefu kilicholala bapa. Watu wananiuliza kama nimeirithi kwa babu. Kila kitu chake nakipenda isipokuwa madigadi ya mbele. Ni ndefu mno, imefunika nusu ya gurudumu, utadhani msichana aliyeazima gauni la dada yake. Nataka kuikata. Nimeshatengeneza kigezo cha kadibodi kazini, nimekata mara tatu, na cha tatu kinapendeza.

Mama anasema wewe enzi zako ulikuwa ukipinda bati bila kuacha alama hata moja ya nyundo. Basi nieleze: nikate wapi? Na ndani ya madigadi nimeona chuma kingine kimepinda kama upinde, kimepita juu ya tairi na kushikwa kwa boliti nne, mbili mguu huu wa mbele na mbili mguu ule. Kazi yake ni nini? Nikikitoa, itaharibika nini?

Wazazi hawajui. Pikipiki inalala kwenye stoo ya karatasi kazini. Unamjua baba na habari ya pikipiki tangu ajali ile ya mbwa mweusi aliyemkatiza njia. Kila mwaka akisimulia, mbwa anaongezeka kimo. Mwaka huu amefika kiunoni. Nakuomba usiniseme.

Na kwa nini hukuja kwenye harusi ya kaka? Tulikuwekea kiti.

Mpwa wako,
Kwanini (jina ulilonipa mwenyewe, usilikane)

* * *

26 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta nikipambana na mabomba ya mvua ya jirani. Kustaafu nimestaafu, ila watu wakiona bati limetoboka hawaoni mlango mwingine isipokuwa wangu. Binamu yako yupo hapa nami, na mtoto wake ameota meno mawili ambayo anayajaribu kwenye kidole changu. Namwambia mama yake ampe kipande cha mkate. Ananijibu kitu, sisikii, ananiona nimecheka, tunaendelea.

Mama yako ndiye aliyekupa anwani? Vizuri. Mpe salamu. Mwambie goti alikande kwa maji ya moto, si kwa habari za majirani.

Kuhusu pikipiki: iache madigadi kama ilivyo. Walioitengeneza hawakuwa wajinga. Matope yana njia zake, na urefu ule umewekwa kwa ajili ya matope. Ukiona gauni ni refu, inua macho uangalie kitu kingine.

Ni bati la unene gani? Limepakwa rangi juu ya chuma kitupu au limetiwa zinki kwanza? Nauliza tu.

Baba yako mkono wake wa kulia ukoje siku hizi? Anaweza kushika sindano?

Kuhusu harusi, safari ni ndefu, na hapa hapakuwa na mtu wa kumwachia nyumba. Nilituma mashuka. Natumaini yalifika.

Mjomba wako

* * *

14 Machi

Mjomba,

Shikamoo tena. Mashuka yalifika na wanayalalia. Mama amekanda goti, halafu akaenda kumweleza jirani namna ya kukanda goti. Mtoto wa binamu mbusu kwa niaba yangu, lakini kidole chako kipumzishe.

Bati lina unene wa milimita moja na nusu, nimelipima kwa kile kifaa tunachopimia karatasi nene. Halina zinki, nimekwangua kidogo ndani nikaona. Umeuliza "tu," lakini fundi haulizi unene wa bati ambalo hataki likatwe.

Nakupa na habari nyingine, labda mate yatakutoka. Nilipima nafasi kati ya tairi na madigadi pikipiki ikiwa kwenye stendi, nikaona ni pana, nikafurahi. Kisha nikamwomba mpiga chapa wetu, mtu mzito kweli, akalie kiti na kuibinya breki. Mbele kukazama vidole vinne! Kipimo changu chote kikawa uongo. Kumbe kitu hiki hakipimwi kikiwa kimepumzika. Nilisimama pale muda mrefu nikimwambia ainuke, akae, ainuke, akae, hadi akauliza kama nampima yeye au pikipiki.

Lakini Mjomba, umeniambia niache, hukuniambia kwa nini. Nilikuuliza habari ya chuma kile cha upinde, ukanijibu habari ya matope. Na umeniuliza habari ya sindano. Hapa nyumbani hakuna anayemuuliza baba habari ya sindano. Nilikuwa na miaka minne alipovunjika mkono. Ninachokumbuka ni meza yake ya kioo, taa ndogo, na mama akituzuia tusipumue karibu kwa sababu kuna gurudumu la saa dogo kuliko punje ya mchele. Halafu siku moja meza ikawa ya kulia chakula. Mkono unatetemeka hadi leo. Kikombe anakishika, sindano hapana. Kwa nini umeuliza?

Mimi nikipewa sababu natulia, hilo unalijua. Nisipopewa, ninakwenda kuitafuta mwenyewe. Nangoja hadi mwisho wa mwezi. Kama hakuna sababu, Jumamosi ya mwisho ninakata.

Mpwa wako mkaidi

* * *

2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sote wazima. Nimengoja, nimechungulia sanduku la barua kila siku hadi mlinzi wa kiwanda akaniuliza kama nina mchumba nje. Hukuandika. Labda posta, labda ni wewe. Nimekata.

Usinune, sikia kwanza ilivyokuwa. Nilibandika kigezo, nikachora kwa msumari, nikakata kwa msumeno wa chuma taratibu, halafu nikasugua kwa tupa, halafu msasa. Ukingo nikaukunja juu ya waya mwembamba ili usikate mtu. Mama ndiye aliyeniambia, bila kujua anachoniambia, kwamba ndivyo ulivyokuwa ukimaliza midomo ya ndoo zako. Umetoka vizuri, ingawa upande wa kushoto una mawimbi mawili ambayo ungeyaona ukiwa umefumba macho.

Kile chuma cha upinde nimekitoa. Baada ya kukata kilikuwa kinachungulia chini ya ukingo, kama shimizi iliyozidi gauni. Nimekifunga kwenye gazeti, nimekiweka kabatini. Sasa pikipiki inapendeza hadi watu wanasimama kuitazama.

Jambo moja tu. Nikifunga breki kwa nguvu, hasa kwenye kona, usukani unanicheza mikononi, kama unavutwa upande mmoja halafu unarudishwa. Mpiga chapa anasema ni tairi jipya, litazoea. Mimi nataka kujua ni nini hasa, kwa hiyo kila jioni narudia kona ile ile ya nyuma ya kiwanda, kila mara kwa kasi zaidi kidogo, nione unaanzia wapi.

Jumapili ya tarehe ishirini nitaipanda hadi nyumbani kwa wazazi, ile barabara ya mteremko. Nimechoka kuficha. Wakiiona imependeza, huenda wakasahau kugomba.

Mpwa wako

* * *

9 Aprili

Shuka kwenye pikipiki hiyo. Barua hii nimempa dereva wa basi mkononi, na nimemwambia asimpe mtu mwingine yeyote ila wewe. Usiipande tena, hata kuizungusha uani.

Kile chuma ni daraja. Miguu miwili ya mbele ina springi ndani, na kila mguu unataka kushuka na kupanda kivyake. Daraja ndilo linaloifunga iende pamoja. Breki iko upande mmoja, inavuta mguu mmoja. Bila daraja, mguu ule unajikunja, wa pili unabaki, na gurudumu linaangalia kwingine. Huo ndio mchezo unaousikia mikononi. Hauzoei. Unaongezeka.

Uliniuliza kwa nini na mimi nikakujibu habari ya matope. Barua yako ya Machi imekaa mezani kwangu siku ishirini. Nilianza kujibu mara tano. Ningeijibu mara ya kwanza, usingekata. Hilo ni langu.

Hakukuwa na mbwa.

Baba yako alikuwa na pikipiki, ya zamani kweli, si ya kuigiza. Alitaka madigadi ya mbele iwe fupi, kama unavyotaka wewe. Nilikuwa fundi wa bati, si fundi wa pikipiki, lakini shemeji akiomba huwezi kusema hujui. Nilikata, nikakunja ukingo. Jioni, wakati wa kurudisha daraja, matundu hayakulingana, nikatoboa mapya, na ncha ya keekee ikanivunjikia kwenye tundu la tatu. Nikalifunga daraja kwa boliti mbili badala ya nne. Nikamwambia, shemeji, iache hadi kesho ninunue ncha nyingine. Sijui kama nilisema kwa nguvu. Wakati ule nilikuwa nasikia vizuri, sikuwa na tabia ya kupaza sauti.

Asubuhi nikaambiwa yuko hospitali. Nilipofika, mama yako amekaa pembeni ya kitanda, na kabla sijafungua mdomo baba yako akasema, "Mbwa. Mbwa mweusi alinikatiza." Akaniangalia. Nikanyamaza. Nikaelewa ananificha nisigombane na dada yangu. Pikipiki iliuzwa kwa mnunua vyuma kabla sijapata moyo wa kwenda kuitazama.

Fundi saa, mpwa wangu. Mtu aliyekuwa akifungua saa ya mkononi na kuifunga huku anazungumza na wewe. Boliti zangu mbili zililegea, akapoteza kazi yake. Nikachukua kibarua cha kwanza nilichosikia, mbali kadiri ya kutosha. Ndiyo sababu ya harusi, na ya mambo mengine yote ambayo nilituma mashuka badala ya kuja mwenyewe.

Rudisha daraja. Boliti nne, si mbili. Ukishafunga, niandikie hata mstari mmoja.

Mjomba

* * *

24 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, naanza na hilo. Dereva alinikuta kazini tarehe kumi na moja, akakataa kumpa mlinzi, akakataa kumpa meneja, akasimama katikati ya mashine na viatu vyake vya vumbi hadi nilipokuja mwenyewe. Nilisoma nimesimama. Daraja lilirudi siku hiyo hiyo, boliti nne, mpiga chapa akiwa ameshika tochi bila kuuliza kitu. Nilikwenda kwenye kona ile kwa mwendo wa kinyonga, nikafunga breki. Usukani ukatulia kabisa. Shimizi inaonekana, na iendelee kuonekana.

Jumapili nilikwenda nyumbani kwa basi, barua yako mkobani. Nilitaka kwanza niseme habari ya pikipiki. Nikasema. Mama akaacha kumenya viazi. Baba hakugomba. Aliuliza tu, "Umekata madigadi?" Nikamwuliza amejuaje. Akasema, "Ningekuwa mimi ningekata."

Basi nikamsomea, Mjomba. Najua sikukuomba ruhusa. Lakini jambo lilikuwa lenu wawili, na mmoja wenu hakujua upande wa mwenzake. Nilisoma yote bila kuruka. Nilipofika kwenye boliti akanikatiza.

"Soma tena hapo pa boliti mbili."

Nikasoma tena.

"Zililegea? Amesema zililegea?"

"Ndiyo, baba."

 Mkono wake ulikuwa juu ya meza, na alikuwa anautazama kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akasema, "Zile boliti zilikaza sana. Mimi ndiye niliyezitoa. Alfajiri, kwa spana yake mwenyewe aliyoisahau uani. Daraja lilikuwa linachungulia chini ya ukingo, likaniudhi. Nikalitoa, nikapanda."

Mama akauliza, "Na mbwa?"

"Hakukuwa na mbwa, mama watoto."

"Mimi nimewafukuza mbwa wa watu kwenye uzio huu miaka ishirini na saba," mama akasema. "Mbwa wa watu, wasio na kosa."

Ningecheka, lakini baba alikuwa analia. Sijawahi kumwona analia, Mjomba, hata siku ya mazishi ya bibi. Anasema hakuwa anakuficha wewe; alikuwa anajificha mwenyewe. Fundi saa, mtu wa kupima kila kitu mara mbili, angemwambiaje mkewe kwamba ameharibu mkono wake kwa ajili ya urembo? Alipokutazama pale hospitali, alikuwa anakuomba usiseme, kwa sababu alidhani umeshaona boliti. Zilikuwa kwenye kisahani mezani kwake, kando ya taa. Halafu ulipohama, akasema moyoni: shemeji amechukia, nimeiharibu kazi yake na kumsingizia mbwa, ana haki. Nilimwuliza kwa nini hakukuandikia. Akasema aliona haya, na haya ya mwaka wa pili ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka wa kwanza, ikaendelea hivyo.

Mama hakusema naye hadi Jumanne. Nina hasira nanyi wote wawili na sijui niipeleke wapi.

Mstari ulio chini ni wake. Alikataa nimwandikie mimi. Imemchukua robo saa.

Mpwa wako

*Shemeji boliti zako zilikuwa imara. Mimi nilizitoa. Nisamehe kama unaweza.*

* * *

12 Mei

Mpwa wangu Kwanini,

Marahaba, na salamu kwa wote. Mtoto sasa ana meno manne. Binamu yako hajambo, ila wiki mbili hizi, akiniona nacheka na kukasirika peke yangu, amekuwa akinitazama kwa jicho la pembeni, na alinifichia nyundo. Ana haki.

Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka peke yangu jikoni. Boliti zilikaza. Miaka yote hiyo, nikifunga boliti ya mtu, narudi kesho yake kuikagua, watu wakadhani mimi ni mtu makini. Niliisoma mara ya pili nikakasirika, na hasira hiyo ndiyo iliyonichelewesha kujibu. Nimekosa harusi. Nimekosa kuwaona mkikua, wewe na kaka yako. Mazishi ya mama yangu mzazi nilisimama nyuma kabisa, nikaondoka bila kumpa dada yangu mkono, kwa sababu aliyekuwa kando yake ni baba yako na ule mkono. Kwa boliti zilizokuwa kwenye kisahani.

Nilitaka nimwandikie maneno makali. Nikaandika, nikachana, nikaandika. Kisha nikajiuliza swali ambalo ungeniuliza wewe: nilishindwaje kuvuka uani mara moja tu na kuingia chumbani kwake? Zilikuwa mezani. Ningeziona tangu mlangoni. Nilijihukumu bila kutazama kazi, na hilo hakuna fundi angelisamehe kwa fundi mwenzake. Kwa hiyo hasira yangu nimeigawa, nusu yake, nusu yangu. Kwa sasa nusu yake bado ni kubwa kidogo.

Madigadi yako usiiguse tena hadi niione. Mawimbi mawili upande wa kushoto maana yake ulikunja ukingo kutoka ncha moja hadi nyingine. Huanzia katikati. Na shimizi ile inaweza kufichwa bila kutoa daraja, ni suala la kushusha ukingo vidole viwili tu hapo katikati, nimeshakata kigezo cha karatasi.

Nimepata nafasi kwenye basi la Alhamisi ya wiki ijayo. Dereva ni yule yule, anakuulizia. Nitafika Ijumaa asubuhi. Mwambie mama yako, ajiandae kulia mapema ili amalize. Baba yako usimwambie, na barua hii usimsomee. Nitabisha hodi kama mgeni yeyote, na ninataka yeye mwenyewe ndiye anifungulie mlango.

Mjomba wako